Kiebrania cha juu nimemaliza, gazeti la Kiebrania silisomi. Tatizo ni nini?

#1 Mwanazaburi
Wakuu habari. Naomba wenye uzoefu wanisaidie, jambo hili linaninyima usingizi.

Nimesoma Kiebrania cha Agano la Kale miaka minne, nikaongeza miwili ya shahada ya pili. Zaburi nazisoma bila tafsiri pembeni. Ile minyambuliko saba ya kitenzi (pa'al, nif'al, pi'el, pu'al, hif'il, hof'al, hitpa'el) naichambua bila kushika kalamu. Sasa mwezi uliopita ndugu yangu karudi kutoka Yerusalemu, kaleta vikombe vimefungwa kwa gazeti la huko. Vikombe nikaviacha, nikalinyoosha gazeti mezani kwa furaha yote.

Kichwa cha habari kimoja, maneno matano tu, nimekisoma mara sita. Nikaona "jana", nikaona "nyumba", na neno moja la Ezekieli sura ya kwanza ambalo sielewi limefikaje gazetini. Habari ilihusu nini mpaka leo sijui.

Je, hizi ni lugha mbili zilizopewa jina moja? Au nimefundishwa vibaya? Nataka kuendelea hadi uzamivu, sitaki kujenga juu ya mchanga.

#2 Kipepeo_wa_Moshi
Mkuu, gazeti lililofungia vikombe hata la Kiswahili halisomeki. Andika hicho kichwa cha habari hapa tukione.

#3 BintiShela
Salaam. Mwanazaburi, hilo gazeti lina irabu?

Nauliza kwa sababu Biblia yako imewekewa nukta zote, chini na juu, kazi ya wale mabingwa wa Tiberia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Gazeti halina. Sisi Lamu tumelijua hili tangu chuoni: mtoto anaanza na msahafu wenye irabu zote, siku anayopewa barua ya babu iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu bila irabu, anakwama. Babu yangu aliandika Kiswahili hivyo hivyo, na herufi moja ya "be" ilimtosha kwa b, kwa p na kwa mb. Ukiona be na te huna budi kuuliza: ni bata, pata, pita au mbata? Unajua kwa kusoma barua nzima, si kwa kutazama neno.

Kiebrania ndivyo kilivyo. Chukua herufi tatu, samekh, pe, resh. Ni sefer, kitabu. Ni sapar, kinyozi. Ni siper, alisimulia. Ni safar, alihesabu. Ni sfar, mpaka wa nchi. Zote zinaandikwa sawasawa, ingawa siku hizi siper huongezewa herufi ya yod ili kumsaidia msomaji.

#4 Mwanazaburi
BintiShela ahsante, halina hata nukta moja. Lakini nadhani kuna zaidi ya hapo, maana hata nikibahatisha irabu, neno lenyewe silipati kwenye kamusi.

#5 Mpenda_Historia
Mbona jibu liko wazi. Ni lugha mbili. Kiebrania kilikufa, kikakaa kaburini karibu miaka 2,000, ndipo Eliezer Ben-Yehuda akahamia Yerusalemu mwaka 1881 akakifufua peke yake. Yeye na wenzake walitoka Ulaya wakizungumza Kirusi na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa huko, kwa hiyo tulicho nacho leo ni maneno ya Kiebrania yaliyovikwa kwenye mifupa ya Kiyidi. Mtaalamu wa isimu Ghil'ad Zuckermann hakiiti hata Kiebrania, anakiita Kiisraeli. Akademia ya lugha ikaundwa 1948 kusimamia kazi hiyo.

Mleta uzi huna kosa. Umesoma lugha nyingine.

#6 Mwalimu_Mstaafu
Amani kwenu vijana. Mpenda_Historia, nakusahihisha mawili na kukupinga moja.

Akademia ya Lugha ya Kiebrania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1953. Kabla yake kulikuwa na Kamati ya Lugha, 1890, ambayo Ben-Yehuda alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Yeye alifariki 1922. Wala hakuwa peke yake: walimu wa shule ndio walioibeba lugha mgongoni. Mwaka 1913 walimu na wanafunzi waligoma kwa sababu chuo cha ufundi cha Haifa kilitaka kufundisha kwa Kijerumani. Mtu mmoja hafufui lugha, watoto darasani ndio wanaoifufua.

Ninalokupinga ni hilo kaburi. Kilichokoma ni kuzungumzwa nyumbani, kuandikwa hakukukoma. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika takriban mwaka 200, ni Kiebrania. Washairi wa Andalusia, akina Yehuda Halevi na Ibn Gabirol, wametunga kwa Kiebrania. Maimonides aliandika falsafa yake kwa Kiarabu chenye herufi za Kiebrania, lakini kitabu chake kikubwa cha sheria akakiandika kwa Kiebrania. Msomi wa Yemen na msomi wa Poland waliweza kuandikiana.

Kwa hiyo Mwanazaburi hakusoma lugha nyingine. Ameruka kutoka Malaki hadi gazeti la jana bila kupita katikati. Na kosa si lake. Mimi mwenyewe nimefundisha wachungaji hivyo kwa miaka mingi: Agano la Kale likiisha tunafunga kitabu, tunahamia Kigiriki. Inaniuma kuisema lakini ndiyo kweli.

#7 Jembe_la_Arava
Shikamoo mwalimu. Mimi ni kinyume cha mleta uzi.

Nilikwenda mafunzo ya kilimo huko jangwani Arava. Kiebrania changu nimekiokota shambani, kwenye mabanda ya pilipili hoho. Neno la kwanza lilinifurahisha: pilpel! Nikasema lugha hii naiweza. Maji, mayim. Umwagiliaji, hashkaya. Niliporudi nilikuwa naongea na simu vizuri kabisa, nikanunua Biblia ya Kiebrania nikijua nitaisoma kama maji. Nimefungua Isaya, nikatembea kama mtu aliye kwenye miba. Kila neno la tatu silijui, na vitenzi vimegeuzwa, kinachoonekana kijacho kimekuwa kilichopita.

Sasa mwalimu, mimi sikuruka katikati, nimeanzia mwisho. Na bado nimekwama.

#8 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba Jembe. Swali lako ni zuri kuliko jibu langu.

#9 Nipo_Haifa
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niko huku kwa shahada ya pili, na ulpani, yaani kozi ya Kiebrania kwa wageni, nimefika ngazi ya he. Kwenye vyuo vikuu ngazi huwa sita: alef, bet, gimel, dalet, he, vav. Hadi gimel ni sarufi. Kuanzia dalet wanakurundikia makala za magazeti, hotuba na hadithi fupi, na hapo ndipo darasa huanza kupungua watu.

Mimi kilichonigomea si irabu wala historia. Ni adabu. Wiki ya kwanza profesa, mzee wa mvi, alitwambia tumwite kwa jina lake la kwanza. Mdomo wangu ulikataa. Nilikuwa nasubiri anitazame ndipo niseme "samahani", kwa hivyo muhula mzima wa kwanza sikuuliza swali hata moja. Hakuna shikamoo, hakuna "mheshimiwa", hakuna kuzunguka. Wana neno lao, dugri, kusema jambo lilivyo bila kulifunika. Mtu akikwambia makala yako haina hoja, amekuheshimu, ameisoma.

Siku nilipoelewa hivyo ndipo nilianza kuelewa hata maandishi. Sentensi fupi niliyokuwa naisoma kama tusi kumbe ilikuwa mazungumzo ya kawaida. Kamusi haiwezi kukwambia hilo.

#10 BintiShela
Dada Nipo_Haifa, hiyo dugri ni neno la Kiarabu cha mitaani huko Shamu, nacho kikalitoa kwa Waturuki. Na "yalla" (haya, twende) na "sababa" (poa) za shambani kwa Jembe ni Kiarabu pia. Mpenda_Historia ahesabu na mifupa hiyo, si Kiyidi peke yake.

#11 Mpenda_Historia
Nakubali sahihisho la 1953, ahsante mwalimu. La Kiarabu pia nakubali. Lakini mnanisaidia: kadiri mnavyoongeza Kituruki, Kiarabu na Kiyidi, ndivyo inavyozidi kuwa lugha nyingine.

#12 Kipepeo_wa_Moshi
Kwa mantiki hiyo Kiswahili nacho si Kiswahili, maana meza ni ya Wareno, shule ya Wajerumani na kitabu cha Waarabu. Tukiiteje sasa?

Halafu mnasahau matamshi. Waamuzi 12, Waefraimu walishindwa kusema "Shibolethi" wakasema "Sibolethi", wakafa 42,000 kwenye vivuko vya Yordani. Na humu ndani kuna watu wakiambiwa waseme "rula nyekundu" hawavuki mto.

#13 Mwana_wa_Mbale
Nawasalimu toka Uganda. Mimi nimezaliwa katika Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa hapa Mbale. Semei Kakungulu ndiye alianzisha, mwaka 1919. Wakati wa Idi Amin dini yetu ilipigwa marufuku, wazee wakasali kwa kujificha.

Kwetu Kiebrania kilianza kwa sikio. Mimi nilijua kuimba Shema Yisrael, ile "Sikia, Ee Israeli", na baraka za mkate kabla sijajua alef inaandikwaje. Maana nilipata baadaye sana. Sasa nikisoma Torati mbele ya watu hata gombo halina nukta, mdomo unajua wenyewe mahali pa kwenda. Mwanazaburi, wewe ulijifunza kwa macho. Labda shida iko hapo. Umewahi kusikia Zaburi ikiimbwa?

#14 Mwanazaburi
Mwana_wa_Mbale, sijawahi. Miaka sita, na sauti ya Kiebrania niliyoisikia ni ya mwalimu wetu na ya wanafunzi wenzangu. Umenigusa.

Basi naweka hicho kichwa cha habari, kwa herufi zetu, bila irabu kama kilivyo: H-P-S-K-W-T / CH-SH-M-L / A-T-M-W-L / B-A-L-P-Y / B-T-Y-M. La tatu ni etmol, jana. La mwisho batim, nyumba. La pili ni chashmal, Ezekieli 1:4. Nabii anaona upepo wa dhoruba, wingu, moto, na katikati yake kitu kama rangi ya chashmal. Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili, imeandika "kaharabu". La kwanza nimeiondoa H nikidhani ni ile "ha" ya kubainisha, kama "the" ya Kiingereza, nikautafuta mzizi P-S-K. Kwenye kamusi yangu ya Agano la Kale haumo.

#15 Nipo_Haifa
Woi! Hafsakot chashmal etmol be'alfei batim. "Umeme ulikatika jana katika maelfu ya nyumba." Hiyo H si ya kubainisha, ni ya neno lenyewe: hafsaka, kukatizwa.

#16 Jembe_la_Arava
Hafsaka! Hilo nalijua mimi! Shambani saa nne ilikuwa hafsaka, tunakunywa chai.

#17 Kipepeo_wa_Moshi
Miaka sita ya masomo, kumbe ni mgao wa umeme. Mkuu, hiyo habari tungekusomea hata gizani.

#18 Mwanazaburi
Nimekaa kimya dakika kadhaa. Umeme. Kitu alichokiona Ezekieli penye mto Kebari.

#19 Mwalimu_Mstaafu
Na si kwa bahati. Wale waliotafsiri Biblia kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliliandika neno hilo elektron, ambalo ndilo jina la kaharabu, na ndiyo maana hata sisi tumepata kaharabu. Katika karne ya 19 Wazungu walikuwa wameshaita umeme kwa jina hilo hilo la Kigiriki, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Mshairi Yehuda Leib Gordon akapita njia hiyo kurudi nyuma: kutoka umeme hadi elektron, kutoka elektron hadi chashmal.

Na sisi je? Umeme wetu ulikuwa mmweko wa radi kabla haujawa wa nyaya. Leo mtoto wa mjini akiambiwa "umeme umepiga" anatazama soketi.

Sasa hilo hafsaka. Mwanazaburi, halimo katika kamusi yako kwa sababu ni la Mishna. Mishna Shabbat 1:2 inasema "mafsikin", wanakatiza, kwa ajili ya kusoma Shema. Nilisema umeruka katikati. Katikati yenyewe ndiyo hiyo.

#20 Mpenda_Historia
Mwalimu, kwa heshima yote, umenithibitisha mimi. Neno la Ezekieli limepewa maana kupitia Kigiriki na Ulaya. Umbo ni la nabii, roho ni ya fizikia. Ezekieli akifufuka leo hasomi hicho kichwa cha habari.

#21 BintiShela
Na mimi mmenithibitisha: H imemponza kwa sababu hakukuwa na irabu. Kungekuwa na irabu angeona "haf" na si "ha", asingeikata.

#22 Nipo_Haifa
Haha, na mimi? Huku mtu akiona "hafsakot chashmal" anajua ni wikendi ya baridi kali au ya joto kali, watu wote wamewasha mitambo. Hilo nalo ni kusoma.

#23 Mwalimu_Mstaafu
Jembe, nina deni lako la vitenzi vilivyogeuzwa. Wewe ni Mswahili, una ufunguo ambao Wazungu hawana. Mwanzo 1:3, "Vayomer Elohim yehi or, vayehi or." Kwetu: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Ile "va" yenye kitenzi kinachofanana na kijacho ndiyo -ka- yetu. Vayomer, akasema. Vayar, akaona. Vayelekh, akaenda. Mwanafunzi wa Kizungu hutumia wiki nzima kuelewa hapo. Kiebrania cha leo kimeiacha, ndiyo maana shambani hukuisikia.

#24 Mwanazaburi
Mwalimu, hili nalipenda lakini lina mahali linapovuja. -ka- yetu huegemea: "alikwenda sokoni, akanunua". Hadithi haianzi na -ka-. Lakini kitabu cha Ruthu kinaanza moja kwa moja na vayehi, na Union Version ikafuata, "Ikawa zamani za Waamuzi". Yona pia kinaanza na vayehi. Kinaegemea wapi?

#25 Jembe_la_Arava
Kwa hiyo "Ikawa" ya kanisani ni Kiebrania kilichovaa kanzu ya Kiswahili? Maana nyumbani hakuna anayeanza hivyo. Nimeielewa leo, na Isaya nimeirudia asubuhi hii. Miba imepungua kidogo.

#26 Mwanazaburi
Kwa kuwa mmefika kwenye tafsiri, nileteeni msaada. Zaburi 23:6, "Hakika wema na fadhili zitanifuata." Kiebrania ni yirdefuni, mzizi R-D-F. Ni mzizi ule ule wa Farao akiwakimbilia Israeli katika Kutoka 14. Si kufuata kwa nyuma taratibu kama mbuzi. Ni mbio, ya mtu aliyekusudia kukufikia. Daudi amezoea kukimbizwa na maadui, hapa anasema wema ndio unaomkimbiza. "Zitanifuata" inapoza moto. Mimi ningeandika "zitaniandama".

#27 Mwana_wa_Mbale
Mimi nasikia kuandama ni kwa kitu kibaya. Mikosi inamwandama mtu. Madeni.

#28 BintiShela
Bara labda. Pwani mwezi huandama, na ukiandama watu hupiga vigelegele. Kuandama asili yake ni kufuatana tu. Hakuna ubaya ndani yake.

#29 Kipepeo_wa_Moshi
Wema "zitanifukuzia". Vijana wataelewa bila mhubiri.

#30 Mwalimu_Mstaafu
Kipepeo, usicheke, hujakosea mbali. Lakini hebu nimtetee mtafsiri wa Union Version ya 1952. Zaburi hiyo husomwa makaburini. Mama aliyefiwa akisikia "zitaniandama", atasikia la Pwani au la Bara? Mtafsiri alichagua neno lisilomtisha mtu yeyote, na akapoteza mbio. Mimi sina jibu. Na hiyo fadhili, chesed, hatujaigusa.

#31 BintiShela
Tusiiguse leo, tutakesha. Mwanazaburi, uzamivu wako andika kuhusu huo mstari mmoja.

#32 Mpenda_Historia
Nasisitiza: mstari huo hakuna Mwisraeli wa mtaani anayeusikia kama Daudi alivyousikia.

#33 Nipo_Haifa
Nimemuuliza mwenzangu wa bwenini, mzaliwa wa hapa. Nimemsomea yirdefuni. Kasema, "wananikimbiza", papo hapo. Kisha akauliza kwa nini tov vachesed, wema na fadhili, wanamkimbiza mtu. Hajawahi kulifikiria.

#34 Mpenda_Historia
Kumbe anaelewa neno bila kuelewa mstari. Sijui hiyo inanipa mimi pointi au mwalimu.

#35 Mwanazaburi
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nimefuata ushauri wa mwalimu, nimeanza Mishna kwenye simu, ile Shabbat 1:2 aliyoitaja, na nimeichagua bila irabu kwa makusudi. Kabla ya kusoma nasikiliza rekodi, hilo ni la Mwana_wa_Mbale.

Siku ya kwanza rekodi ilikataa kufunguka, nikasoma kwa macho tu. Mstari unaanza: "Lo yeshev adam lifnei ha..." na hapo nikaona samekh, pe, resh. Nikasoma "mtu asikae mbele ya kitabu, karibu na sala ya alasiri, mpaka aswali." Nikaandika hata maelezo pembeni, kwamba masomo yasimsahaulishe mtu sala. Maelezo mazuri tu. Nikaendelea: wala asiingie hamamu, wala kwa mtengeneza ngozi, wala kula. Nikarudi juu. Hamamu, ngozi, chakula, na kitabu kinatafuta nini hapo?

BintiShela, ni kinyozi.

#36 BintiShela
Umesoma barua nzima.

#37 Jembe_la_Arava
Na mafsikin ulimkuta?

#38 Mwanazaburi
Mstari huo huo, kuelekea mwisho. "Ve'im hitchilu, ein mafsikin." Wakishaanza, hawakatizi.